Dawa za cheti mtandaoni: nani atajibu?

Ukifungua Instagram leo ukatafuta dawa ya tatizo unaloona haya kulitaja mbele ya watu, hutachelewa kupata muuzaji. Tangazo lina picha ya kopo, ahadi ya matokeo ndani ya siku chache, na maneno yaliyozoeleka: njoo inbox, mikoani tunatuma. Mteja akiandika, jibu huja papo hapo: "Karibu dia, upo wapi?" Kinachofuata ni namba ya kulipia. Umri hauulizwi, wala ujauzito, wala shinikizo la damu, wala dawa nyingine ambazo mteja anameza kila asubuhi. Biashara inakwisha kabla ya mtu yeyote kujua anayetibiwa ni nani na anaumwa nini.

Mazungumzo kuhusu biashara hii huishia mara nyingi kwenye swali moja: dawa ni halisi au ni bandia? Swali hilo ni la haki, ila ni finyu. Dawa halisi kabisa, iliyotoka kiwandani na sifa zake zote, inaweza kumuua mtu asiyefaa kuitumia, inaweza kuharibika njiani, na inaweza kugundulika kuwa na kasoro miezi kadhaa baada ya kuuzwa. Kinachomlinda mgonjwa katika hali zote hizo ni mlolongo wa watu wenye majina: daktari aliyeandika cheti, mfamasia aliyekisoma, msambazaji mwenye kumbukumbu za mzigo, na mamlaka iliyoisajili dawa. Kila mmoja wao anaweza kuulizwa. Anayenunua kwa muuzaji asiye na leseni hupewa dawa iliyokwisha kutenganishwa na watu hao wote, na hapo ndipo hatari nyingine zinapopata upenyo.

Maduka ya aina tatu

Si kila duka la dawa la mtandaoni ni la kukimbiwa. Nchini Kenya, MYDAWA ilianza mwaka 2017 ikiwa na leseni ya Bodi ya Famasi na Sumu. Duka la namna hiyo lina wafamasia, lina ghala linaloweza kukaguliwa, na linadai cheti kwa dawa inayohitaji cheti. Famasi nyingine za kawaida, zenye milango mjini, nazo zimeongeza huduma ya kumpelekea mteja mzigo nyumbani. Kwa mgonjwa asiyeweza kutembea, au mama aliyejifungua juzi, huo ni msaada mkubwa, na kuupiga marufuku kwa sababu ya matapeli kungekuwa kumwadhibu mgonjwa kwa kosa la mwingine.

Aina ya pili ni tovuti za ng'ambo zinazouza kila dawa kwa kila nchi, huku zikipamba kurasa zake kwa picha za watu waliovaa makoti meupe. Chama cha bodi za famasi cha Marekani, NABP, ambacho kimezichunguza tovuti hizo kwa maelfu, kimekuwa kikisema kwamba takriban asilimia 95 zinaendeshwa kinyume cha sheria. Polisi wa kimataifa, Interpol, wamekuwa wakizifuatilia tangu 2008 kupitia Operesheni Pangea. Katika wiki moja ya Mei 2021, nchi 92 zikishirikiana, viungo vya mtandaoni 113,020 vilifungwa au kuondolewa. Idadi hiyo inaonyesha bidii ya polisi, na inaonyesha pia ugumu wa kazi yao: tovuti ikifungwa asubuhi, jioni inafunguliwa nyingine kwa jina jipya.

Aina ya tatu ndiyo iliyoenea kwetu: ukurasa wa Instagram, kundi la WhatsApp, video fupi ya TikTok. Haina anwani wala jina la kampuni, na haina hata tovuti ya kufungwa. Ina namba ya simu na dereva wa bodaboda. Umoja wa Ulaya uliweka mwaka 2015 nembo ya pamoja ambayo kila duka halali la dawa mtandaoni sharti liionyeshe, na mnunuzi akiibofya anapelekwa kwenye orodha rasmi ya serikali. Utaratibu huo ni mzuri, lakini haumfikii mteja wa Mbagala, Dar es Salaam, au Kayole, Nairobi, kwa kuwa yeye hana tovuti ya kukagua. Ana mazungumzo tu na mtu aliyejipa jina la "Dokta".

Kilichomo ndani ya kidonge

Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilikadiria kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, bidhaa 1 kati ya 10 za tiba ni duni au bandia. Hesabu hiyo inahusu soko zima, pamoja na maduka na hospitali. Kwa dawa zinunuliwazo kwenye tovuti haramu zinazoficha anwani zao, shirika hilo limewahi kutaja kiwango cha zaidi ya nusu.

Dawa bandia inaweza kuwa tupu, yaani chokaa au unga uliobanwa ukapakwa rangi. Inaweza kuwa na kiambato sahihi lakini kidogo mno. Inaweza kuwa na uchafu wenye sumu. Inaweza pia kuwa na dawa nyingine kabisa, na hii ndiyo inayowachanganya hata madaktari. Mfano wake ulio karibu nasi ulitokea Ituri, mashariki mwa Kongo, kati ya mwisho wa 2014 na 2015. Watu walifika vituo vya afya shingo zikiwa zimepinda, nyuso zimekakamaa, ndimi zimetoka nje, na mwanzoni ikadhaniwa ni mlipuko wa homa ya uti wa mgongo. Wagonjwa walipofikia mamia, vidonge walivyokuwa wamepewa vilipelekwa kupimwa. Kopo liliandikwa diazepamu, lakini ndani mlikuwa na haloperidoli, dawa ya magonjwa makubwa ya akili. Vidonge hivyo havikununuliwa mtandaoni. Somo lake ni kwamba hata pale palipokuwa na vituo, wauguzi na makopo yaliyobaki ya kupeleka maabara, ukweli ulichelewa. Anayenunua vidonge kumi vilivyofungwa kwenye karatasi, kutoka kwa namba ambayo kesho itakuwa imezimwa, haachi nyuma hata kopo la kupimwa.

Miaka ya karibuni udanganyifu umehamia kwenye dawa zinazogombewa. Sindano ya semaglutaidi, inayojulikana zaidi kwa jina la Ozempic, ilitengenezwa kwa wagonjwa wa kisukari cha aina ya pili, kisha ikapata umaarufu duniani kote kama ya kupunguza uzito, na mahitaji yakazidi uwezo wa viwanda. Oktoba 2023 mamlaka ya dawa ya Austria ilitangaza kwamba watu kadhaa wamelazwa baada ya kujidunga sindano bandia za jina hilo. Sukari yao ilishuka ghafla na wengine wakapata degedege, dalili kwamba walichojidunga kilikuwa insulini. Juni 2024 WHO ilitoa tahadhari kwa dunia nzima kuhusu matoleo matatu bandia yaliyogunduliwa Brazil, Uingereza na Marekani. Mwaka huohuo waendesha mashtaka wa New York waliwashtaki watu 18 kwa kuendesha famasi za uongo mtandaoni, zilizouza vidonge vilivyofinyangwa vifanane na dawa za kawaida huku ndani vikiwa na fentanili, dawa ya kulevya ambayo kiasi kidogo mno hutosha kusimamisha pumzi.

Kwetu udanganyifu wa namna hii huvaa pia joho la miti shamba. Vipimo vya mamlaka za nchi mbalimbali vimekuta mara nyingi kwamba "dawa asilia" za nguvu za kiume zimechanganywa na sildenafili, kiambato cha Viagra, bila kuandikwa popote. Kenya ilikuwa na vidonge vya kupanga uzazi vilivyojulikana kama Sofia. Havikusajiliwa, vilinadiwa kuwa vya mitishamba, na vipimo vikakuta vimejaa homoni. Mnunuzi aliyekimbia kemikali za hospitali aliishia kumeza kemikali zilezile bila kipimo.

Dawa halisi, mgonjwa siye

Tuseme sasa kwamba dawa ni halisi. Mteja ni baba wa miaka 58 anayeagiza sildenafili kwa siri. Kwenye famasi yenye mtu makini angeulizwa: "Mzee wangu, una tatizo la moyo? Kuna kidonge unaweka chini ya ulimi kifua kikibana?" Swali hilo lina sababu. Dawa za kundi la naitreti, wanazopewa wagonjwa wa moyo, zikikutana na sildenafili hushusha shinikizo la damu kwa kiwango kinachoweza kuua. Swali moja tu, lisilochukua hata dakika, lingemrudisha baba huyo nyumbani salama. Mtandaoni aliulizwa yuko wapi.

Mfano mwingine ni isotretinoini, dawa ya chunusi sugu. Inafanya kazi vizuri, na ndiyo maana inatafutwa na mabinti. Ikitumiwa wakati wa ujauzito, humharibu mtoto tumboni vibaya sana, kiasi kwamba nchi nyingi huitoa kwa masharti ya kupima mimba kwanza na kuendelea kutumia uzazi wa mpango. Hayo yote hayaandikwi chini ya picha ya uso uliotakata.

Kundi kubwa zaidi labda ni vidonge vya kuongeza mwili na shepu. Vingi hutegemea deksamethasoni, dawa ya jamii ya steroidi, au siproheptadini, dawa ya mzio yenye tabia ya kuamsha hamu ya kula. Deksamethasoni huokoa maisha hospitalini, lakini anayeimeza kwa miezi ili anenepe huvimba uso, hupandisha sukari na shinikizo la damu, na kinga yake hudhoofika. Hatari nyingine hufichika hadi siku anapoacha. Tezi zilizo juu ya figo, ambazo kwa kawaida hutengeneza homoni ya aina hiyo, huwa zimelala kwa kuwa dawa imezifanyia kazi yake. Akiacha ghafla, mwili unabaki bila homoni hiyo: mtu analegea, anatapika, presha inashuka, na anaweza kufa. Kwa sababu hiyo daktari humpunguzia mgonjwa dozi kidogo kidogo. Muuzaji wa kopo hasemi lolote, na kopo likiisha bila pesa ya kununua jingine, mteja anaacha siku hiyohiyo.

Antibiotiki nazo huuzwa hivyohivyo, vidonge vitano vitano. Madhara yake humfika hata jirani, kwa kuwa bakteria waliozoea dozi nusunusu huambukiza wengine wakiwa tayari sugu. Wizara ya Afya ya Tanzania imelipa tatizo hilo jina na mpango mzima wa kitaifa, usugu wa vimelea dhidi ya dawa, au UVIDA.

Marekani ilijifunza thamani ya mtu wa kuuliza maswali kwa msiba. Ryan Haight, kijana wa California, aliagiza mtandaoni dawa kali ya maumivu akiwa na miaka 17. Daktari ambaye hakuwahi kumwona aliidhinisha, famasi ikatuma, na Februari 2001 akafariki akiwa na miaka 18. Vidonge vile havikuwa bandia. Sheria yenye jina lake, iliyopitishwa mwaka 2008, iliagiza kwamba dawa zinazodhibitiwa zisitolewe kupitia mtandao mpaka daktari awe amemwona mgonjwa ana kwa ana angalau mara moja. Ugonjwa wa UVIKO-19 ulipoingia mwaka 2020 sharti hilo lililegezwa ili watu watibiwe kwa video, na mjadala wa mpaka upi uwekwe bado unaendelea.

Safari, na siku ya kurudishwa

Dawa nyingi hutakiwa kukaa chini ya nyuzi joto 30, mbali na jua na unyevu. Insulini ambayo haijafunguliwa hukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Linganisha masharti hayo na safari ya mzigo wa "mikoani tunatuma": mfuko mweusi, gundi ya karatasi, jina na namba ya simu kwa kalamu nene, kisha buti la basi kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza, zaidi ya kilomita 1,000, na kusubiri ofisini mwa basi hadi mteja apate nafasi ya kuufuata. Insulini iliyochemka hivyo mara nyingi hubaki angavu kama maji. Mgonjwa atajidunga kipimo chake kilekile, sukari itazidi kupanda, naye atadhani ugonjwa umemzidi.

Mara nyingi pia vidonge huja vimekatwa kutoka kwenye pakiti yake, bila boksi wala karatasi ya maelezo. Kinachopotea hapo ni namba ya toleo, na umuhimu wake ulionekana Aprili 2024. Mamlaka ya dawa ya Nigeria ilitangaza kwamba imekuta diethilini glaikoli, sumu inayoua figo, katika toleo moja la dawa ya kikohozi ya watoto, Benylin. Kampuni husika ilisema vipimo vyake havikuiona sumu hiyo. Hata hivyo nchi kadhaa za Afrika, zikiwemo Kenya, Tanzania na Rwanda, ziliagiza toleo hilo liondolewe sokoni kwa tahadhari. Kazi hiyo iliwezekana kwa sababu kila chupa ilikuwa na namba, kila msambazaji alikuwa na daftari, na kila famasi ilijulikana ilipo. Dawa iliyouzwa na namba ya WhatsApp haiwezi kurudishwa, kwa kuwa hakuna anayejua iko kabatini mwa nani.

Kuna hasara nyingine isiyomezwa. Mteja amekwisha kumwachia mtu asiyemjua jina lake, simu yake, mtaa wake na siri ya mwili wake. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, imewahi kuwaonya wananchi kuhusu matapeli wanaowapigia simu watu walionunua dawa mtandaoni, wakijifanya maofisa wa FDA na kudai faini. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019 na Tanzania tangu 2022, lakini sheria hizo humbana mtu anayepatikana.

Kwa nini watu hununua

Ingekuwa rahisi kuwaita wanunuzi wajinga, na ingekuwa uongo. Wengi wanazo sababu zinazoeleweka. Hospitali za umma zina sentensi ambayo kila familia imeisikia: "Dawa hiyo hapa hakuna, kanunueni nje." Huko nje bei hutofautiana duka kwa duka, na mgonjwa mwenye fedha kidogo atamfuata anayepunguza. Yupo pia anayeishi mbali na famasi yenye mfamasia, na yupo asiyeweza kuacha kibarua siku nzima kupanga foleni ya daktari kwa ajili ya cheti kilekile cha mwezi uliopita.

Juu ya yote hayo kuna aibu. Kijana mwenye ugonjwa wa zinaa hasemi shida yake kwenye dirisha lililozungukwa na wateja wanne, mmoja wao rafiki wa mama yake. Msichana anayetafuta P2, kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, anajua atakavyotazamwa. Muuzaji wa mtandaoni amelielewa jambo hili kuliko mfumo wa afya: anauza faragha, na dawa inafuata.

Ukweli mwingine ni kwamba baadhi ya maduka ya mitaani huuza antibiotiki bila kuuliza cheti. Kosa ni lilelile, lakini duka lina mlango na mtu anayejulikana na mtaa mzima. Mkaguzi anaweza kuingia, na mgonjwa aliyedhurika anaweza kurudi na kopo mkononi.

Sheria na mnunuzi

Vyombo vya kusimamia vipo, na si dhaifu. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba ya Tanzania, TMDA, ilikuwa ya kwanza Afrika kuthibitishwa na WHO, Desemba 2018, kuwa imefikia ngazi ya tatu kati ya nne za ubora wa udhibiti. Baraza la Famasi husajili wafamasia na maduka. Kenya ina Bodi ya Famasi na Sumu. Vyote hivi viliundwa kukagua viwanda, mipaka, maghala na maduka, wakati muuzaji wa siku hizi hana kimojawapo. Kuwasaka wauzaji mmoja mmoja hakutatosha, ingawa ni lazima. Kampuni zinazopokea fedha za matangazo zinapaswa kubanwa pia, na jambo hilo linawezekana: mwaka 2011 Google ilikubali kuilipa serikali ya Marekani dola milioni 500 kwa kuruhusu matangazo ya famasi za Kanada zilizokuwa zikiwauzia Wamarekani dawa kinyume cha sheria.

Kazi kubwa zaidi ni kumnyang'anya mlanguzi sababu zake za kupendwa. Famasi halali yenye chumba kidogo cha kuzungumzia faragha, cheti cha miezi kadhaa kwa mgonjwa wa muda mrefu, bei zilizobandikwa wazi, na huduma ya kupeleka dawa chini ya jina la mfamasia aliyesajiliwa, vitampunguzia wateja kuliko operesheni za msimu.

Mnunuzi naye ana la kufanya leo. Aulize jina la duka, mahali lilipo, na jina la mfamasia anayelisimamia, kisha ayalinganishe na orodha za Baraza au Bodi. Akiambiwa dawa ya cheti haihitaji cheti, aondoke. Mzigo ukifika, boksi liwe zima, lenye jina la mtengenezaji, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi, na namba iliyo kwenye boksi ifanane na iliyo kwenye pakiti ya ndani. Dawa ikimletea madhara, asiitupe: aipeleke kituo cha afya na taarifa ifike kwenye mamlaka. Na kabla ya kutuma hata shilingi moja, ajiulize atamfuata nani, na wapi, dawa ikimdhuru. Kama jibu ni namba ya simu tu, asinunue.